Mama wa Bibi Harusi Kwenye Mteremko

Wapendwa, leo nawapeleka harusini, kwa hiyo changamkeni kidogo.

Palikuwa na mama mmoja aliyepigwa na kiharusi, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Siku ya kumwoza binti yake ikafika. Ibada imekwisha, vigelegele havikatiki, maharusi wameshatoka nje, wako uwanjani, na sasa ni zamu ya mama kuteremka. Mlango wa kanisa lao ulikuwa na njia ya mteremko, ya saruji, kali kidogo. Aliyemsukuma ni mwanawe wa kiume, kijana kapiga suti, viatu vipya vinang'aa.

Walipofika juu ya mteremko, mama akasema, "Baba, nigeuze. Mimi hushushwa kinyumenyume, anayenishika anakuwa chini."

"Mama! Kinyumenyume kama mchawi? Siku ya leo? Wapiga picha wote wako huku mbele. Wewe tabasamu tu."

"Nigeuze, mwanangu. Naogopa."

"Usiogope, mama. Nimekushika."

Na kweli alikuwa amemshika. Lakini alimshika akiwa wapi? Juu! Kiti kilipoingia mteremkoni kikaanza kumvuta. Akajikaza, soli mpya zikateleza. Mama wa watu akaanza kuporomoka kutoka kwenye kiti, upande mmoja hauna nguvu, sasa ajizuie na nini? Jamani, picha zilipigwa pale pale, na hilo tabasamu halikuwamo.

Aliyeona ni bibi harusi. Akakusanya gauni, akapanda mbio, akapiga magoti kwenye saruji na kumzuia mama yake kwa mabega. Gauni likachanika vibaya. "Kaka, vuta nyuma! Mrudishe juu!" Wakamrudisha mpaka sakafu iliyo sawa, wakamgeuza hapo. Kisha dada akamwambia kaka yake, "Haya, pita chini. Egemeza kifua chako nyuma ya kiti, ushuke polepole."

Akashuka hivyo, mgongo kwa wapiga picha, jasho linamtiririka, kila hatua anageuza shingo asijikwae. Uzito wote wa mama ukamlalia kifuani. Mama naye, aliyekuwa amekamata mkono wa kiti kwa ule mkono wake wenye nguvu, akauachia, akapumua.

"Sasa ndiyo umenishika," akasema.

Mnamcheka kijana wa suti? Haya, chekeni, kisha tujitazame sisi. Tukienda kumwona mjane na kilo zetu za unga, si simu ya kupiga picha ndiyo inayotangulia mlangoni? Mgonjwa tunamsimamisha hapa mbele atoe ushuhuda, tumemuuliza kama yuko tayari? Mtu anatuambia "nigeuze," sisi tunamwambia "tabasamu." Inaniuma, kwa sababu ni sisi, watu wa Mungu, na tunaita huo upendo!

Bwana wetu hakutushika akiwa huko juu. Alishuka, akapita chini yetu, uzito wetu wote ukamlalia yeye.

Basi wiki hii kuna mtu utamkuta kwenye mteremko wake. Usianze kusukuma. Muulize kwanza, "Nikushikeje?" Akikuambia, msikilize, halafu pita chini. Na ukiona anakulemea, usilalamike, ndugu yangu: hapo ndipo umemshika.