Ufunguo Mmoja na Flaiwili Iliyokerezwa

Sogeeni karibu, na mwenye hasira zake za nyumbani aziache mlangoni, maana hadithi hii ina hasira za kuwatosha wote. Mwishoni nitawauliza swali. Nawaambia mapema ili asije mtu akasema nilimshtukiza.

Katika kijiji cha Lukasi, kwenye miteremko ya Rungwe, waliishi watu watatu wenye mikono ya pekee. Wa kwanza aliitwa Tusajigwe, mwanamke ambaye ukimpa tupa na kipande cha chuma anakutengenezea kifaa ambacho hakijafika dukani. Wa pili aliitwa Gwakisa, fundi wa kukereza, mwenye jicho la kupima unene wa chuma bila rula. Wa tatu ni Lugano, dereva wa bodaboda, ambaye hakuna pikipiki iliyowahi kumshinda. Walikuwa marafiki tangu utotoni, na nasema walikuwa.

Pale Lukasi kuna mashindano yanayoitwa Mbio za Shikamoo. Zamani bodaboda mmoja aliwapita wazee kwa kasi akawamwagia tope, hakusimama wala hakusalimu. Wazee wakaziba barabara kwa magogo siku nzima, hata mgonjwa akapitishwa kwa machela. Suluhu waliyoipata ndiyo hiyo inayochezwa kila mwaka mpaka leo: pikipiki zinashindana kupanda kutoka sokoni hadi shuleni juu, lakini njiani kuna vituo sita, na kila kituo amekaa mzee. Dereva lazima asimame, mguu ukanyage chini, atoe mkono wa kulia kwenye usukani, amshike mzee mkono na kusema shikamoo. Haondoki mpaka aitikiwe. Ukitoa mkono wa kushoto, umetolewa. Injini ikinguruma mpaka mzee asisikike, umetolewa pia.

Sasa mwaka huo Mzee Ambilikile, fundi aliyezeeka kwa grisi, alitangaza jambo lililowanyima watu usingizi. Wanawe walikuwa mbali na hawakutaka kuchafuka mikono. Akasema karakana yake, pamoja na mashine ya kukereza iliyomo, ataikabidhi kwa mtu mmoja: yule atakayekuwa na mchango mkubwa kuliko wote katika pikipiki itakayoshinda. Mmoja tu. Aliwahi kuimiliki na mwenzake, wakaishia kuuza vifaa kimoja kimoja kwa kukomoana, na hakutaka kusikia tena neno ubia.

Tusajigwe aliposikia, moyo ulimruka. Miaka kumi na miwili alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ile, akifagia chenga za chuma na kutengeneza vifaa ambavyo wateja walidhani vimeletwa kutoka mjini. Mzee angefunga milango kabisa, yeye angerudi kupiga tupa uani kwake, chini ya turubai linalovuja, na mvua ya Rungwe mnaijua. Kwake karakana ile ndiyo iliyokuwa maisha yenyewe.

Wale watatu wakakaa, wakaamua kushirikiana. Gwakisa ndiye aliyekuwa na wazo. Ubavuni mwa injini ya pikipiki kuna gurudumu zito la chuma lenye sumaku ndani, ndiyo flaiwili. Uzito wake huifanya injini izunguke kwa utulivu, lakini pia huichelewesha kuchanganya, yaani kupandisha kasi. Katika mbio za kusimama mara sita na kuondoka mara sita, alisema, anayechanganya haraka ndiye mshindi. Tuipunguze uzito. Wote wakakubali, na mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake.

Kosa likaanzia kwenye nyundo. Flaiwili hubana kwenye shafti ya injini kwa nguvu za ajabu, haitoki kwa kuvutwa na mikono. Inahitaji kifaa chake cha kuivulia, bolti nene yenye nyuzi zinazoingia katikati yake na kuisukuma itoke bila kuumia. Kifaa hicho hawakuwa nacho. Tusajigwe akaomba siku tatu akitengeneze. Gwakisa hakuwa na siku tatu. Jioni ileile, Tusajigwe alipokwenda kuchota maji, akachukua nyundo akaipiga mapigo manne flaiwili ya pikipiki kuukuu waliyokuwa wameitenga kwa mbio. Tusajigwe aliporudi akaikuta imepasuka ukingoni, sumaku moja imeng'oka.

"Nilikuambia usubiri," Tusajigwe alisema. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyomtisha Gwakisa zaidi.

Gwakisa akajibu kwamba kila fundi wa barabara hii anatumia nyundo. Ni kweli, wanatumia, na ndiyo maana barabara nzima imejaa pikipiki zinazotetemeka kama zina homa. Tusajigwe alikasirika mpaka meno yakamuuma. Ilibaki pikipiki moja ya kufaa, ya Lugano mwenyewe, anayoitegemea kulisha watoto, yenye flaiwili moja isiyo na mbadala.

Basi Tusajigwe akafanya kazi yake. Alichukua bolti ya trekta bovu lililotupwa kiwanda cha chai, akaikata, akaanza kuichonga nyuzi. Nyuzi za katikati ya flaiwili ile ni nyembamba na zinazunguka kinyume, kwa hiyo hakuna bolti ya kawaida inayoingia. Alichonga kwa tupa ya pembe tatu, akijaribu, akitoa, akijaribu tena, siku mbili na nusu, mpaka vidole vikachubuka. Akatengeneza pia mkono wa chuma wa kuishikilia flaiwili isizunguke wakati wa kuifungua. Siku ya tatu akaingiza kifaa, akazungusha spana taratibu, ikasikika tak, na flaiwili ikamwangukia mkononi nzima kabisa. Lakini hakumkabidhi Gwakisa. Aliifungia sandukuni siku mbili akisubiri kuombwa radhi, na Gwakisa naye akagoma kuomba.

Mwishowe radhi ikaombwa, kwa kununa, na Gwakisa akafanya kazi yake ikiwa imebaki siku moja. Kazi ile si ya kila mtu. Ukikereza kidogo, umejisumbua bure. Ukizidisha, gurudumu litapasuka likiwa kwenye kasi na kumkata dereva mguu. Alitoa chuma ukingoni, utepe baada ya utepe, akiipima kila mara kwenye mizani ya kununulia kahawa, mpaka zikatoka gramu mia nne. Chenga zilizong'ang'ania sumaku alizing'oa kwa donge la ugali, akibandika na kubandua. Kisha akaipitisha flaiwili kwenye chuma chembamba, akakilaza juu ya makali ya visu viwili vya migomba kuona upande gani unalemea, akapunguza upande huo, akarudia, hata isilemee popote. Macho yalikuwa mekundu alipomaliza. Kila utepe ulipodondoka alimlaani Tusajigwe kwa zile siku mbili.

Wala hakuna kati yao aliyemwambia Lugano jambo moja muhimu. Injini yenye flaiwili nyepesi huchanganya haraka, naam, lakini ukiachia mshiko wa mafuta inazimika papo hapo. Na katika mbio hizi dereva lazima aachie mafuta, maana mkono wa kulia unaoshika mafuta ndio unaopewa mzee. Gwakisa alijua. Tusajigwe alijua. Walikuwa wamenuniana kiasi kwamba kila mmoja alidhani mwenzake amesema. Lugano alijaribu pikipiki asubuhi ya mashindano, ikamzimikia katikati ya kona, akaanguka na kupasua goti.

"Mlitaka nife ili mpate karakana?" aliwauliza, damu ikimchuruzika hadi kwenye kiatu. Tusajigwe aliona aibu iliyomfanya azidi kukasirika.

Basi Lugano akafanya kazi yake. Alilifunga goti kwa kitambaa, akaenda nyuma ya godauni na kujizoeza kwa saa tatu jambo ambalo hakuna dereva wa Lukasi aliyewahi kulifanya. Akisimama, anatoa gia, mkono wa kushoto unaachia klachi na kuvuka kifuani hadi kwenye mafuta upande wa kulia, unayashika kidogo tu injini isizimike wala isingurume, huku mkono wa kulia ukiwa huru kumpa mzee. Akishaitikiwa, mikono inarudi mahali pake, gia inaingia, anaondoka. Alirudia mpaka kifua kikamuuma. Akajipanga kwenye mstari wa kuanzia akiwa hawasemeshi wenzake wote wawili.

Mbio zenyewe hazikuchukua muda. Pikipiki tisa ziliondoka sokoni. Kwenye sehemu zilizonyooka, dereva mmoja wa kijiji cha bondeni alikuwa mbele kwa mbali. Lakini kila kituo, wengine waliposalimu na kuondoka kwa kusuasua, Lugano alichomoka kama aliyerushwa. Kituo cha tano walikuwa sambamba. Kituo cha sita alikaa Bibi Subilaga, ambaye haitikii mpaka akuulize mama hajambo, watoto hawajambo, na yule ng'ombe aliyekuwa anaumwa je. Lugano alijibu yote kwa upole, mkono wa kushoto ukishikilia mafuta, injini ikisinzia bila kulala. Yule wa bondeni alijibu yake, na bibi aliwaitikia wote wawili kwa marahaba moja. Waliondoka pamoja. Kufika lango la shule, Lugano alikuwa mbele kwa urefu wa pikipiki moja.

Watu walimbeba. Gwakisa naye wakambeba, maana alikuwa akipiga kelele kwamba kazi ni yake. Tusajigwe alibaki amesimama kando na sanduku lake. Hapo ndipo hasira ilipompanda kweli. Kifaa kikishafanya kazi yake kinarudi sandukuni, na aliyekitengeneza anasahaulika pamoja nacho.

Kisha mkaguzi wa mashindano akasema injini ifunguliwe ionekane, kama kanuni inavyotaka, la sivyo ushindi haukubaliwi. Kelele zikakoma. Gwakisa akageuka, akanyoosha mkono kwa Tusajigwe. Fundi mmoja pembeni akaokota nyundo, akasema kwa nini tusumbuke.

Tusajigwe alishikilia sanduku. Kwa dakika nzima alifikiria kuondoka nalo, na pasingekuwa na mshindi, wala karakana, wala lolote. Halafu akapiga magoti kwenye tope, akafungua injini mwenyewe, akaingiza kifaa, akazungusha. Tak. Mkaguzi akaitazama flaiwili pande zote, akasema hakuna kanuni iliyovunjwa.

Mzee Ambilikile akaleta meza. Juu yake akaweka ufunguo wa karakana. Tusajigwe akaweka kifaa chake kando ya ufunguo. Gwakisa akaweka flaiwili. Lugano hakuwa na kitu cha kuweka, akalaza mkono wake wa kushoto mezani, umejaa malengelenge.

"Bila mimi mngekuwa bado mnagonga nyundo," alisema Tusajigwe.

Gwakisa akasema kifaa cha kuvulia kinavua tu, hakimshindishi mtu. Aliyeifanya pikipiki iruke ni yeye, na angeifanya vizuri zaidi asingenyimwa siku mbili. Lugano akasema pikipiki waliyompa ilikuwa mtego, na aliyetoka kwenye mtego huo kwa goti lililopasuka asiwekwe mizani moja na waliomtegea.

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Akawaambia kila mmoja amefanya kazi ambayo pasipo hiyo nyingine mbili ni bure, na kila mmoja amewakosea wenzake kwa kosa ambalo nusura liwe msiba. Angeukata ufunguo vipande vitatu kama ungefungua. Lakini hakujua ampe nani, na uzee wake ulimkasirisha zaidi ya wale watatu. Akasukuma meza mbele kuelekea kwa watu waliokusanyika, akakaa chini.

Basi meza ile ndiyo hii nimewawekea. Tusajigwe yuko hapo, tope limemkaukia magotini, haondoi macho kwenye ufunguo. Yule aliyechonga kifaa akakificha, yule aliyekereza chuma baada ya kukipasua kingine, na yule aliyeshika mafuta kwa mkono wa kushoto bila kumsamehe yeyote. Mlango ni mmoja na kesho utafunguliwa. Ufunguo ungempa nani, na wale wawili ungewaambia nini usoni?