Bundi wa Shimoni na Zimwi la Mbugani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Mwenye kikohozi akohoe sasa.

Jumatano, mwezi nane Mfungo Mosi, saa kumi ya alasiri, bundi alilia mbugani. Alilia, akalia, akalia. Watu wakafunga milango, wakatupa chumvi motoni ili balaa lipite. Walipofungua, wakamkuta Mbaruku, mchungaji wa mbuzi, amefia malishoni.

Alimwacha mjane, Bi Mwanakheri, na binti mmoja tu, Mashavu.

Basi Mashavu akashika fimbo ya baba yake. Mama akamwambia, "Ukimwona bundi, mpige jiwe. Ndiye aliyetuletea msiba."

Siku moja Mashavu akamwona. Ndege mdogo, kimo cha birika, amesimama juani mchana kweupe kwenye mdomo wa shimo lililochimbwa zamani na mnyama muhanga. Miguu mirefu na myembamba. Macho ya manjano kama kiini cha yai, na nyusi nyeupe kama za shehe.

Mashavu akainua jiwe. Bundi akainama, akainuka. Akainama, akainuka. Akainama, akainuka.

Mashavu akaona haya kumpiga anayemwamkia. Akaliacha jiwe. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, una mabawa. Mbona unalala chini kama panya?"

"Wewe unaona mti hapa? Nionyeshe, nihame leo."

Mashavu akatazama. Nyasi fupi tu, mpaka mwisho wa macho.

"Na hii samadi ya ng'ombe mlangoni? Huoni aibu?"

"Aibu ya nini? Mende wanaifuata wenyewe, nami nakula nimekaa. Mama yako ana jiko la namna hiyo?"

Mashavu akacheka. Alikuwa hajacheka tangu msiba.

Basi siku moja likaja zimwi. Jicho moja, meno kama majembe. Likameza mbuzi wa kwanza. Likameza wa pili. Likameza wa tatu. Kisha likanusa.

"Nasikia harufu ya mtu! Harufu tamu!"

Mashavu akakimbia mpaka shimoni. "Babu, nifiche!"

Bundi akainama, akainuka, mara tatu, na shimo likapanuka kwa uwezo wa Mungu. Mashavu akaingia, akajikunja kati ya makinda ya bundi. Bundi akaingia nyuma yake.

Zimwi likafika, likanusa. "Nasikia harufu ya mtu! Hapana, ni ng'ombe."

Likazunguka, likanusa. "Nasikia harufu ya mtu! Ah, ni ng'ombe tu."

Likarudi mara ya tatu. "Ng'ombe gani anakaa shimoni? Mnanifanya mjinga?" Likaingiza mkono, kucha zikagusa ukaya kichwani mwa Mashavu.

Ndipo bundi na makinda yake wakapumua kwa pamoja: "Fssssss! Fssssss! Fssssss!" Kama kifutu aliyekanyagwa.

"Nyoka! Mama yangu wee, nyoka!" Zimwi likachomoa mkono, likakimbia bila kutazama nyuma. Wasafiri walilipita kule ng'ambo ya milima, bado linakimbia.

Basi bundi akatoka, akalia kwa sauti kubwa. Akalia, akalia.

Watu wakafunga milango. Lakini Bi Mwanakheri alikuwa na mtoto nje. Akachomoa kijinga cha moto jikoni, akakimbilia mbugani peke yake. Akaona damu ya mbuzi, akaona fimbo ya mumewe chini, akamwona bundi.

"Mchawi! Ulimchukua baba, na mtoto pia?" Akainua kijinga.

"Mama, usimpige! Niko humu!"

Mashavu akatoka, nywele zimejaa mchanga. Mama akamshika uso, mikono, miguu, kama anayetafuta kipande kilichopungua.

Bundi akasema taratibu, "Leo nilikuita, ukaja. Na ile Jumatano nililia kuwaita. Mbaruku alianguka hapa, mbele yangu. Alikuwa akinisalimia kila asubuhi. Nikalia, nikalia, nikalia. Nyinyi mkafunga milango."

Kijinga kikamdondoka Bi Mwanakheri. "Alikufa peke yake?"

"La. Mungu alikuwa amemwita, lakini peke yake hakuwa. Nilisimama kichwani pake mpaka mlipokuja."

Bi Mwanakheri akalia kilio ambacho alikuwa hajakilia. Kisha akainama, akainuka, mara tatu, kama wanavyoamkiana bundi.

Tangu siku hiyo, kijijini kwao bundi akilia, watu hutoka kwenda kumtafuta mwenzao.

Hadithi yangu imeishia hapo, mdomoni pa shimo. Shikeni hili: anayelia mlangoni kwako, msikilize kabla hujamfukuza.

Nami niliipata kwa babu yenu, tuliyemzika juzi. Inueni mikono. Ewe Mola, mrehemu Mbaruku wa ngano hii, umrehemu na babu wa watoto hawa. Lipanue kaburi lake kama ulivyolipanua shimo lile, umtie nuru, na usimwache peke yake. Amin.