Kisiwa Kisichohitajika Tena

Akina mama, sukumeni huo mlango hapo nyuma. Kila mmoja aweke mkono kifuani aape kwamba haya hayatoki kwenye kikundi. Mama Eliaichi, na wewe apa, mdomo wako tunaujua. Na wangu mnaujua, ndiyo maana nimeapa wa kwanza.

Kulikuwa na mkuu mmoja wa jeshi la Marekani, vita ile ya Wamarekani na Wajapani, kule bahari ya Pasifiki, vita yenyewe imeshachoka. Akatumwa kuchukua kisiwa. Kisiwa gani jamani, mawe matupu na mapango, jua linakaanga. Ila adui alikuwa na uwanja wa ndege pale, ikaogopwa ndege zake zitawapiga Wamarekani wengine wakipita baharini. Sasa huyu bwana, kabla hata hajaondoka, akaita watu wa magazeti, kifua mbele: "Siku tatu tu. Ya nne tunaogelea." Si mnawajua wanaume. Hata maji ya kunywa yakapakiwa ya siku tatu.

Asubuhi ya kushuka, askari wameshajaa kwenye mashua, akaja askari wa redio na karatasi.

"Mkuu, makao makuu wanasema wenzetu wamepita njia nyingine. Ndege za pale zimekwisha. Kisiwa hakina kazi tena, tugeuze."

Mkuu akasoma, akaikunja. "Nani mwingine ameiona?"

"Mimi na wewe tu."

"Basi haijafika."

"Mkuu, mdogo wangu yuko mashua ya kwanza."

"Na maneno yangu yako gazetini. Nikirudi nitawaambia watu nini?"

Wakashuka. Siku tatu zikawa miezi miwili. Adui yuko ndani ya mapango, humwoni, yeye anakuona. Maji yakaisha, watu wakalamba umande kwenye mawe. Walikufa maelfu, wa huku na wa kule. Bendera ikapanda, na hakuna ndege hata moja iliyohitaji kutua pale.

Mkuu akamwita yule wa redio. "Umeona? Si nilisema tutakichukua?"

"Tumekichukua, mkuu. Mama yangu nimwandikie nini?"

"Mwandikie mwanawe amekufa kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

Sasa mnaguna. Mnasema, mtu gani huyu hana hata haya? Haya, tuje kwetu.

Sisi si tulisimama humu humu tukasema mwenzetu Nakijwa akifiwa hatuendi, kwa sababu hakuonekana kwenye misiba mitatu? Mtaa mzima ukasikia, na mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Halafu yule nesi wa hospitali akatuambia, na mwalimu, mume wa Nakijwa, alikuwa bado hajafa, kwamba Nakijwa yuko wodini miezi yote ile, anamgeuza mumewe kitandani. Tulijua. Nani humu alisema tugeuze? Tulitazamana, tukaongea habari za sare za kikundi.

Mwalimu akafa. Sufuria za kikundi zikabaki stoo, na turubai stoo. Mjane akawapikia uji wachimba kaburi kwa mkono wake, jua linampiga. Hongereni, msimamo haukuyumba. Tumekipata kisiwa. Tunakifanyia nini?

Wenzangu, Mungu hatatuuliza kama tulitimiza tulichotangaza. Atatuuliza, mlipoambiwa ukweli, mlifanya nini? Jibu tunalo?

Mimi hadithi hii ya kisiwa nimeipata jana. Nilikwenda mahali na kilo ya sukari, nimechelewa wiki tatu. Nikavutiwa kigoda. Nikasimuliwa taratibu, vile marehemu alivyokuwa akiwafundisha watoto darasani. Ilipofika pale pa "basi haijafika" nilicheka, mnajua ninavyocheka, mpaka nikashika mbavu. Mwenzangu hakucheka. Akaningoja ninyamaze, akaendelea.

Aliyenisimulia ni Nakijwa.