Mboga Zilizolizunguka Sinia

Paukwa!

— Pakawa!

Itikieni kwa moyo, msiitikie kwa midomo iliyonuna. Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo kale palikuwa na Bwana Shekuwe, mpuliza siwa, ile pembe kubwa ya harusini. Zilisalia siku arubaini binti yake Tima aolewe, na kila alipoitia siwa mdomoni, fizi zilimtoka damu. Tabibu akamwambia Bi Mize, mkewe: "Mumeo hali mboga. Asipozila, siwa itapulizwa na mwingine."

Bi Mize akachomeka moyoni, kwani siwa hiyo haikuwahi kupulizwa na mgeni tangu enzi za babu wa mumewe.

Siku ya kwanza akapika mchicha kwa nazi, akaupakua juu ya wali. Wakalizunguka sinia, kila mtu na upande wake, kama ilivyo adabu. Baba akausukuma mchicha kwa Tima. Tima akausukuma kwa Fumo, mdogo wake. Fumo akausukuma kwa mama.

Mchicha ukalia: "Bi Mize, nimelizunguka sinia, mdomo sikuupata!"

Bi Mize akaula peke yake, akihema kwa hasira.

Siku ya pili akatwanga kisamvu. Baba kwa Tima, Tima kwa Fumo, Fumo kwa mama.

Kisamvu kikalia: "Bi Mize, nimelizunguka sinia, mdomo sikuupata!"

"Nami nimeshiba majani hadi kooni!" akafoka Bi Mize. "Bwana Shekuwe, mimi ni mbuzi wa nyumba hii?"

"Umejitaja mwenyewe, mke wangu."

— Jeuri huyo, babu!

Jeuri hasa! Adhuhuri ya siku ya tatu Bi Mize akapika matembele, akatenga sinia, akasimama kando.

"Huli?" akauliza mumewe.

"Nimefunga sunna."

Baba kwa Tima, Tima kwa Fumo. Fumo akatazama upande wa mama: hapana mtu. Akayasukuma mbele, yakamfikia baba.

Matembele yakacheka: "Bwana Shekuwe, nimelizunguka sinia, na mdomo ndio huu!"

— Akayatupa?

Angeyatupaje, naye ndiye aliyewafunza wanawe kwamba kumwaga riziki ya Mungu ni dhambi? Watoto walikuwa wamemkodolea macho.

"Mize, sunna hii ni ya siku ngapi?"

"Hadi siku ya harusi."

Akala. Kesho yake akala tena. Watoto walipomwona anatafuna, wakaacha kusukuma.

Tima alitolewa kwa siwa ya babaye, bila tone la damu.

Basi jueni, wajukuu: mboga waweza kumsukumia mwenzio, lakini maradhi yatabaki upande wako. Ngano yangu imekomea hapo.