Chumvi ya Nguzo

Chumvi ya nguzo hailambwi. Vijana waliisikia methali hii barazani, wakati watu waliokata miti ya chemchemi walipokuwa wakikaripiwa, wakamwuliza bibi yao Chemtai ilitoka wapi.

"Mnaisema tu, wala hamjui ilimla ng'ombe wa nani," akawacheka. Basi methali hii ilianza hivi.

Zamani za kale Mlima Elgon ulikuwa ukitema moto. Ulimwaga majivu mazito, na juu yake ukamwaga uji wa moto ulioganda ukawa mwamba mgumu. Majivu yaligeuka jiwe laini lenye chumvi, na humo tembo na watu wakachimba mapango. Ukoo mmoja wa Wasabaot ulikaa katika pango la namna hiyo pamoja na mifugo. Kila nyumba ilikuwa na sehemu yake ukutani ya kukwangua chumvi ya ng'ombe. Nguzo ya katikati, iliyoachwa na wazee ishikilie dari, ilikuwa mwiko kuigusa.

Ndiema alikuwa na ng'ombe mmoja, na mtoto mchanga ambaye mama yake alikaukiwa maziwa. Ng'ombe naye akakonda, akakataa majani. Sehemu ya Ndiema ukutani ilikuwa imekwisha chumvi, na kuomba kwa jirani aliona haya. Alfajiri moja akakwangua nguzo, kiganja kimoja tu. Nguzo nene vile ingejuaje? Ng'ombe akala, maziwa yakarudi, mtoto akanenepa. Ndiema akaendelea, kila alfajiri kiganja kimoja.

Masika yalipokolea, alipapasa upande wa nyuma wa nguzo akakuta shimo linalomeza mkono hadi kiwiko. Hakulichimba yeye. Ufa ulikuwa umefika darini na vumbi lilidondoka. Ndiema aliogopa sana. Akisema, atajulikana kuwa mwizi. Akinyamaza, mwanawe amelala palepale chini.

"Tokeni!" akapiga kelele. "Nguzo inakatika!"

"Umejuaje?" akauliza shemeji yake Kwemoi, bado amekaa.

"Nimeikwangua mimi! Kila siku, kiganja kimoja!"

Hakuna aliyemtukana. Walinyakua watoto, wakaswaga mifugo, wakatoka upesi mno, si kama watu wanaosikia habari kwa mara ya kwanza. Dari ikaporomoka. Ng'ombe wa Ndiema, aliyefungwa ndani kabisa, hakutoka.

Nje kwenye mvua Ndiema alilia mbele ya watu. "Kiganja kimoja kweli kimebomoa pango?"

Kwemoi akatazama miguu yake. "Hata mimi nilichukua kiganja kimoja. Kila jioni."

"Nami adhuhuri," akasema mjane mmoja.

Wakaendelea kukiri, nyumba kwa nyumba, mpaka ikakosekana nyumba ya kumhukumu Ndiema. Siku ile kila nyumba ilimletea mtoto wa Ndiema maziwa bila kuombwa. Na tangu hapo, mtu akisema amechukua kidogo tu cha wote, hajibiwi kwa maneno mengi. Huambiwa: chumvi ya nguzo hailambwi.