Mlango wa Kiboko na Uji wa Nguchiro

Bisheni! Nani atabisha? Wewe mwenye pengo hapo mbele, nakuona umeshakunja mdomo. Hapo zamani za kale Nguchiro, ambaye hazidi kandambili ya baba yako, alikaa mwaka mzima kwenye nyumba ya Kiboko bila kulipa kodi hata senti moja. Ukiona uongo, inuka uhadithie wewe. Mimi shule niliiacha la nne, lakini hili hata mwalimu wenu halijui.

Kiboko alikopa kwa Tembo, akajenga vyumba vitatu vya udongo. Chokaa nyeupe, bati jipya, waa! Ila wapangaji hakuna. Na Tembo kila akipita: "Kiboko, deni langu! Mwaka ukiisha hujalipa, nyumba naichukua."

Siku moja ya mvua akatokea Nguchiro na watoto wanne, wameloa chapachapa.

"Hodi, baba mwenye nyumba!"

"Kodi ya miezi sita mkononi," Kiboko akanguruma, "ndipo ufunguo."

"Miezi sita! Kwani nimekuja kununua mto? Nitalipa kila mwezi. Ila uje uchukue mwenyewe, ndani, mkekani. Kwetu hatulipani mlangoni kama wagomvi."

Kiboko akawatazama wale watoto wanavyotetemeka. "Haya."

"Na kitu kikivunjika nitakitengeneza mimi, gharama tukate kwenye kodi."

"Kivunjike nini, mama? Nyumba mpya hii!"

Mwezi ukaisha. Kiboko huyo, tii, tii, tii.

"Karibu ndani, baba! Uji wa mtama uko motoni."

Aliposikia uji, Kiboko akajipenyeza. Kichwa kikapita, tumbo likakwama. Watoto wakamning'inia masikioni: "Babu, njoo! Moja, mbili, vutaaa!"

Kraaa! Fremu ikang'oka. Udongo ukamwagika pwaa!

"Pole, baba," Nguchiro akasema, akimpa bakuli. "Sasa mbao, udongo, chokaa, na mikono yangu... Lo! Kodi ya mwezi imeisha yote."

"Yote?"

"Yote. Nikuongeze sukari?"

"Ongeza."

Mwezi wa pili, kraaa! Wa tatu, kraaa! Mpaka wa kumi na mbili. Kiboko anavunja, anakunywa uji, anawabeba watoto mgongoni, anakwenda zake mikono mitupu. Nguchiro anabaki anapiga chokaa huku anacheka.

Basi funzo ni hili: mdogo mwenye ulimi hamwogopi mkubwa mwenye tumbo.

Mnacheka, eeh? Sawa, wewe mwenye pengo, usininyooshee kidole. Kuna kipande nilikificha, maana nilitaka mumwone Kiboko bwege.

Ukuta ule, kwa kupakwa upya kila mwezi, uling'aa hadi wapita njia wakasimama. Nyati akataka chumba, Punda Milia akataka chumba, wakalipa miezi sita sita, na Tembo akapata chake chote.

Halafu, nyuma ya nyumba kulikuwa na mlango wa uani. Mpana! Kiboko aliujenga mwenyewe, kwa kipimo cha tumbo lake. Hakuupita hata siku moja.

Tembo akamuuliza, "Bwana wee, mbona unajikwamisha huku mbele?"

Kiboko akajifuta uji mdomoni.

"Huko nyuma," akasema, "hakuna wa kunivuta masikio."