Bei ya Mgeni Unguja

Nyamizi alitoka Tabora kwenda kutembea Mji Mkongwe, na kibindo chake kilikuwa chepesi. Bwana Nassor, mwenye nyumba ya kulala wageni, alimwambia, "Mwenyeji hulipa nusu. Mgeni hulipa bei kamili."

"Haya bwana, nitalipa nikiondoka," Nyamizi alijibu kwa upole.

Siku ya tatu aliomba jembe apande asumini uani. Nassor akampa upesi, akifurahia kibarua cha bure.

Wiki ilipokwisha, Nassor alidai bei kamili ya siku zote.

"Kamili ni ya siku mbili tu," alisema Nyamizi. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nawe ulinipa kwa mkono wako."

Nassor alipokea nusu kwa siku zilizobaki. Kabla Nyamizi hajafika bandarini, wageni wengine wote walikuwa foleni wakiomba jembe.